Mzee Silas Kailemia, Mkusanyaji wa Mikojo ya Ruiri (1951–2025)

Marehemu Mzee Silas Kailemia alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ruiri, mtoto wa nne wa marehemu M'Ikiara na marehemu Tabitha. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1971. Matokeo yake familia imeamua yazikwe pamoja naye.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya upili huko Embu, akaosha chupa za wanafunzi kwa miaka thelathini na miwili. Huko alimpata Cicily Wamuyu wa Siakago, mpishi wa shule, wakafunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978. Siku ya mahari wakwe walimuuliza kazi yake. Akajibu, "Naangalia vitu visivyoonekana." Wakaongeza mbuzi mmoja.

Mwaka 2019 maji ya kisima cha nyumbani yalipimwa yakakutwa na risasi, hii ya betri, kwa sababu huko juu ya shamba kuna mtu aliyekuwa akiyeyusha betri kuukuu za magari. Kisima kikafungwa. Cicily, Mama Winrose, akarudi kubeba maji mgongoni kama msichana. Marehemu akatuita wote akasema, "Sizikwi kabla mama yenu hajachota hapa."

Alikuwa amehudhuria semina moja Embu, ambayo alikiri alifuata chakula cha mchana. Akasikia kwamba kuna bakteria wa udongoni ambao ukiwalisha mkojo, pamoja na maganda ya mayai yaliyolowekwa kwenye siki, wanatengeneza vijiwe. Vijiwe hivyo huifungia risasi ndani, isitembee tena na maji. Hata madini ya mionzi, mtafiti alisema, yanaweza kufungiwa hivyo. Marehemu hakurudi kuongeza sahani.

Akawafuga bakteria hao kwenye ndoo, akawa akiwamwaga pamoja na mkojo udongoni kuzunguka kisima. Kuanzia hapo hakuna aliyekojoa bure Ruiri. Mama Winrose alilalamika, "Baba Winrose, sasa hata mtungi wa uji?" Kanisani aliweka jerikeni nyuma ya choo cha wanaume, na vijana wakaitikia kuliko wanavyoitikia kwaya. Jumapili ya mavuno shemasi, akidhani ni sadaka, akaibeba hadi madhabahuni pamoja na ndizi za Mitunguu. Njiru, aliyeongoza mnada, akatangaza, "Uji wa wimbi uliochacha! Tazameni povu!" Mzee Misheck akawashinda wote kwa bei. Alifungua kifuniko ndani ya gari, madirisha yakiwa juu.

"Kailemia! Hii ni nini?"

"Ni nyinyi, mzee. Ibada ya kwanza."

Mwaka jana alianza kuugua tezi dume. Alipowekewa mpira wa mkojo hospitalini Meru, alimshika muuguzi mkono. "Sista, usimwage. Hiyo ni kazi." Muuguzi alimwaga. Marehemu alimsamehe, lakini si siku hiyo.

Vipimo viwili vya kwanza vya kisima vilionyesha risasi ikipungua. Sampuli ya tatu ilikuwa bado maabara alipotuacha, Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa kumi na moja jioni. Neno lake la mwisho kwa mwanawe Mwiti lilikuwa, "Wamepiga simu?" Hawakuwa wamepiga. Tukapanga mazishi huku tukiogopa, maana tulikuwa tunamjua.

Juzi Jumatano wakapiga. Risasi iko chini ya kiwango, maji yanafaa kunywa. Na kwa wanaojiuliza: kile kingine pia hakimo.

Jana mama alifungua kifuniko cha kisima mwenyewe, akachota ndoo moja, akanywa kikombe kizima akiwa amesimama. Akasema, "Haya, Baba Winrose. Umeshinda." Kisha akaweka maji mengine jikoni. Chai mliyokunywa asubuhi, Mzee Misheck ukiomba kuongezewa mara mbili, ilitoka hapo.

Ameacha mjane, Cicily, watoto, Winrose na Mwiti, wajukuu watano, na ndoo saba za bakteria ambao bado wanakula.

Mama ameshachota. Sasa tunaweza kumzika. Mungu akupe usingizi mwema, Mzee Kailemia.