Marehemu Batholomeo Chilongani na Askari Aliyemtoa Bure

Marehemu Batholomeo Chilongani alizaliwa Mvumi tarehe 4 Machi 1958. Alisoma huko hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari mjini Dodoma, kisha chuo Dar es Salaam, ambako alijifunza kupima ardhi na kucheza sataranji. La kwanza lilimlisha. La pili, mama yetu Dorothea husema, lilimchelewesha kula.

Alikuwa mpima ardhi kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2018. Baadhi yenu hapa mnalala ndani ya mipaka aliyoipima yeye, Area D na Ihumwa.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Dorothea. Baadaye Jumamosi zake zote zilichukuliwa na klabu ya sataranji ya mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, na rafiki yake Ebenezer. Kila alipoanza yeye, alianza vilevile: askari wa mfalme mbele, kisha askari aliye jirani naye anatolewa aliwe bure, ili njia ya kushambulia ifunguke. Miaka ishirini na sita Ebenezer alimla askari huyo, na karibu kila mara alishinda.

"Badilisha basi, Baba Frida," mama alimwambia.

"Nikibadilisha, nitakuwa nacheza mchezo wa mtu mwingine."

Figo zilianza kumsumbua 2022. Kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kulimchosha, kukamchosha na mama aliyemsindikiza kila safari. Tusifiche, nyumba nzima ilichoka. Ebenezer akawa analeta ubao nyumbani. Jumamosi moja ya Novemba 2024, kwa huruma, alimwachia malkia wake aliwe. Baba alizifagia kete zote chini.

"Naumwa figo, Ebenezer, siumwi akili! Usirudi hapa kunionea huruma."

Wiki kumi Ebenezer hakurudi, na kila Jumamosi baba alikuwa akitazama geti. Mwishowe mama alipiga simu. "Shemeji, njoo umfunge kama zamani. Hicho tu ndicho anachokitaka."

Alikuja Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Baba alisogeza askari wa mfalme, Ebenezer akajibu, na yule askari wa pili akatoka. Baba akatabasamu.

"Nimechoka. Tutaendelea Jumanne."

Jumanne, saa tatu asubuhi, kabla rafiki yake hajafika, alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dorothea.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na ubao ambao mama alikataza usiguswe, kwa kuwa zamu ilikuwa ya Ebenezer. Leo asubuhi alikuja, akakaa, akamla yule askari huku akilia.

Mungu akupumzishe, Baba. Ebenezer hakukuonea huruma.