Dada Taratibu Hakuwa Mtu wa Kuteleza

Marehemu, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa jina la Dada Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 katika nyumba za mstari nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi chuma na mshonaji. Bomba la maji lilikuwa chini ya mteremko wa udongo. Siku za mvua watoto wote walirudi na ndoo nusu na tope hadi kiunoni, isipokuwa yeye. Alipanda na ndoo kichwani akijisemea "taratibu, taratibu," wala hakumwaga tone. Mdogo wake, ndiye huyu anayewasomea leo, alianguka kila mara, kisha akaisingizia ndoo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari 1996, na chuo cha uuguzi mwaka 2001. Kwenye vitendo aliongoza darasa. Kwenye nadharia alikuwa wa katikati, na hakuona haya kulisema hilo.

Aliajiriwa Januari 2002 wodi ya watoto, akahamishiwa chumba cha dharura mwaka 2009. Huko wagonjwa waliletwa na maumivu yao, ndugu wakaja na hasira zao, na wa kwanza kukutana nazo alikuwa muuguzi. Alitukanwa, akatemewa mate, na mwaka 2016 akavunjwa kidole. Kila aliyeumia kazini alijaza fomu, na fomu ilikuwa na vyanzo vitatu tu: kuchomwa sindano, kuungua, kuteleza. Kupigwa hakukuwemo. Basi wauguzi wakatia alama kwenye kuteleza, miaka nenda miaka rudi, hata ukawa utani wao. Mwenzao akiingia zamu na jicho limevimba, wanamuuliza, "Umeteleza kwa nani?" Marehemu aliandika barua tatu akiomba mstari wa nne. Alijibiwa kwamba fomu zilizokwisha kuchapwa bado hazijaisha.

Tarehe 11 Septemba 2004 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole kama yeye, wakajaliwa binti na mwana. Mumewe alimsihi mara nyingi aombe uhamisho. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba akiondoka yeye, atapigwa mwingine.

Kuugua kwake ni habari fupi. Tarehe 3 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, mwanamume aliyechoka kusubiri mama yake aonwe na daktari alinyanyua stendi ya dripu. Marehemu alimwambia, "Taratibu, kaka, mama ndiye anayefuata." Mwanamume yule akampiga nayo kichwani. Marehemu hakuzinduka tena, na tarehe 12, saa nane mchana, akafariki. Mama yule alitibiwa siku ile ile, na amepona.

Kabla ya kukabidhiwa mwili, mumewe aliletewa fomu asaini. Alama ilikuwa imeshatiwa kwenye kuteleza. Akauliza kama anaweza kuandika ukweli pembeni. Karani, naye machozi yanamlengalenga, akamjibu, "Baba, pembeni kompyuta haipasomi." Mumewe akasaini. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama palepale na hakufungua mdomo, na jambo hilo linamuuma mpaka dakika hii. Sasa kesi ya mwanamume yule imekwama, kwa kuwa karatasi inasema aliteleza.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, mdogo mmoja, na wauguzi wenzake kumi na saba, ambao sita hawakupata ruhusa na saa hii wako zamu, chumba kile kile. Ameacha pia mama mzazi. Habari ya fomu alifichwa hadi jana. Alipoambiwa aliuliza, "Yule? Hata kwenye tope hakuteleza yule."



Lala salama, Dada Taratibu, pasipo na mkono wa kukunyanyukia.