Sheria ya Kiti cha Dereva

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha basi dogo. Basi lilikufa, kiti tukaking'oa, tukakiegemeza kwenye ukuta wa gereji upande ambao kivuli kinafika mapema. Kona moja sponji imetoka, ukikaa hapo unazama mpaka magoti yanakufikia kidevuni, kwa hiyo ndipo tunapomkalisha mgeni. Saa kumi jioni Bati, mnyoosha bodi, analeta chupa ya kahawa, chungu ya kukwangua koo. Anayekaa karibu na chupa ni Injinia, ambaye uinjinia hakusomea popote, ila turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ikipumua mara moja tu anakwambia inaumwa wapi. Anayefuata ni Mwalimu, aliyefundisha watu udereva miaka thelathini kwenye gari lenye breki mbili. Halafu mimi. Wananiita Mvungu, maana siku nzima niko chini ya magari ya watu, nikitoka uso mweusi hata mama mzazi atanipita njiani. Zamani tulikuwa sita. Ramani tumemzika wiki tatu zilizopita, na Mpole yuko wodini, miguu haina habari naye.

Niwaambie kisa chenyewe mapema, maana hawa wenzangu ukiwasikiliza kutakucha hujui nani kafa. Mpole ni dereva wa gari la mikate, mtu wa maneno matatu kwa siku. Alinunua gari kuukuu la familia, tukaliwekea turbo, likawa si la familia tena. Kwenye mbio alikuwa anaendesha yeye, na shemeji yake Ramani, mume wa dada yake, anakaa pembeni na daftari akimsomea kona. Jumapili moja walipanda kilima cha kona arobaini. Kona ya kumi na tisa gari likalala upande, mkia ukatoka, wakaenda bondeni. Tangu siku hiyo kijiwe kina mada moja tu.

Bati: Ukungu. Nimesema na narudia, ukungu.

Injinia: Ukungu gani saa nne asubuhi? Jua lilikuwa kali, wewe mwenyewe ulivua shati.

Bati: Nilivua shati huku chini. Kule juu kuna hali ya hewa yake.

Mwalimu: Jamani, tuseme ukweli hata kama unauma. Ramani, Mungu amrehemu, alikuwa na mafua. Alipiga chafya. Ukipiga chafya unaruka mstari. Alimsomea mwenzake kona ya ishirini wakati wako ya kumi na tisa.

Bati: Wewe ulikuwepo ndani ya gari ukaisikia hiyo chafya?

Mwalimu: Kitabu cha udereva, ukurasa wa tatu kabisa: dereva asizungumzishwe. Wao kutwa wanazungumzishana.

Injinia: Ukurasa wa tatu unahusu makondakta wa mabasi, acha zako.

Nilikunywa kahawa yangu kimya. Wanaponiona kimya wanadhani nina uchungu, na ni kweli ninao. Ila haukuwa uchungu peke yake.

Ujinga wetu ulianza hivi: gari moja, mbio tatu. Injinia anapenda mbio za kunyooka, magari mawili, barabara tupu ya uwanja wa ndege wa zamani, kufumba na kufumbua zimekwisha. Huko unataka pua ya gari iinuke, mkia ukae, turbo ipigwe yote. Mwalimu yeye moyo wake uko kwenye mbio za kuzunguka uwanja, gari liwe gumu, breki ziume. Mpole alitaka kilima. Kila mmoja wetu alikuwa na bisibisi yake na maoni yake, na gari la watu likawa kama suruali ya mtumba, kila anayeivaa anaikunja kivyake. Likitoka kwenye mbio hizi tunalifungua, likielekea zile tunalifunga.

Injinia: Tatizo ni hewa. Turbo inakula hewa, sivyo? Kule kilimani hewa ni nyepesi. Turbo ikashikwa na njaa. Ikakaa, ikakaa, halafu ikashtuka katikati ya kona na nguvu zote. Gari lolote litaruka.

Bati: Si wewe uliyesema umeirekebisha iamke mapema?

Injinia: Niliirekebisha kwa hewa ya kawaida!

Mwalimu: Mimi nadhani ni mikate.

Bati: Mikate tena?

Mwalimu: Sikiliza, usicheke. Mtu miaka tisa anaendesha gari lenye mikate nyuma. Mwili umezoea mzigo. Akifika kwenye kona mikono inakunja usukani kwa ajili ya mikate. Siku hiyo mikate haipo. Kwisha habari.

Bati: Basi wangekufa zamani. Alishawahi kupanda kilima kile mara nne bila mkate hata mmoja. Mimi nawaambia kuna kitu kwenye ule mlima. Ule mlima una chuma. Sumaku! Saa yangu siku ile ilisimama.

Injinia: Saa yako imesimama tangu mtoto wako wa kwanza azaliwe.

Tulicheka. Halafu kila mtu akaona aibu kwa wakati wake, kicheko kikaisha kipande kipande. Pale katikati ya kiti, alipokuwa anakaa Ramani, hakuna anayekaa. Hatukukubaliana, imetokea tu.

Mwalimu: Jambo moja tu nina uhakika nalo. Si sisi. Gereji hii ina sheria. Ukifungua kitu chochote kwenye gari la mbio na hujakirudisha, unakiweka juu ya kiti cha dereva. Dereva hawezi kukaa mpaka aulize hiki ni cha nini. Miaka mingapi sasa? Halijawahi kutoka gari hapa na kitu pungufu.

Bati: Hapo umesema.

Injinia: Hapo hakuna ubishi. Kila kitu kilifungwa.

Ile sheria niliitunga mimi, na mimi mwenyewe niliivunja.

Alhamisi kabla ya mbio za kunyooka, Injinia aliniinamia mvunguni akaniambia, Mvungu, toa kile chuma cha stabilaiza, upande mmoja unatosha, nataka pua iwe huru. Hicho ni kipande cha urefu wa kiganja, kina kitufe kama gololi kila ncha, na kazi yake ni kulizuia gari lisilale kwenye kona. Kwenye barabara iliyonyooka huna haja nacho. Nikakifungua. Nati nikairudisha kwenye skrubu yake kwa mkono isipotee, nikakifunga kipande cha kitambaa kama ninavyofanya siku zote. Nikaenda kukiweka kwenye kiti cha dereva, nikamkuta Ramani amekikalia, anakanyaga mafuta ili Injinia asikilize turbo. Nikamwambia ondoka. Akacheka, akasema, subiri kidogo babu, naota mimi ndiye dereva. Nami nikaona nimsumbue ya nini, nikafungua kidroo cha dashibodi, nikakitupia humo. Nikajiambia nitakikumbuka.

Jumapili gari likakimbia mbio za kunyooka, likashinda, tukashangilia. Jumatano Bati akafunga bampa ya mbele, akapiga kelele kutoka kule uani, "Mbele kila kitu kimefungwa!" Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Jumamosi Mwalimu akalizungusha mtaani kulijaribu, akarudi anatabasamu, akasema leo ni laini kweli, raha tupu. Kesho yake wakapanda kilima.

Wiki tatu nimekuwa nikijiambia kwamba Bati alikirudisha. Sijamwuliza. Angeniambia hapana.

Injinia: Au tuseme hivi. Gari lina kumbukumbu. Msicheke! Chuma kina kumbukumbu. Wiki nzima tumelifundisha kwenda moja kwa moja. Moja kwa moja, moja kwa moja. Tukalipeleka kwenye kona, likaenda moja kwa moja.

Nilijimwagia kahawa gotini. Hakuna aliyeona, kwa sababu walikuwa wamegeuka kutazama barabarani. Dada yake Mpole alikuwa anavuka kuja kwetu.

Ni fundi cherehani. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, nadhani alisahau kuivua. Mkononi ana mfuko wa nailoni.

Mwalimu: Karibu, mwanangu. Karibu sana. Bati, mpishe.

Dada: Msisumbuke, nitakaa hapa.

Akakaa kwenye ile kona ya mgeni, akazama. Kwa mtu mwingine tungecheka. Bati akainamisha chupa ya kahawa, ikatoa nusu kikombe na machicha, akampa hivyo hivyo.

Bati: Vipi hali, shemeji? Vipi mgonjwa?

Dada: Sijamwona.

Bati: Kwani hawaruhusu?

Dada: Wanaruhusu. Mama anapeleka uji kila siku. Mimi nafika getini nageuka.

Mwalimu: Jipe muda. Msiba bado mbichi.

Dada: Anamwambia mama neno moja tu, mwalimu. "Nimemuulia dada mumewe." Akiamka hilo, akilala hilo. Kula hataki. Mama ananililia niende nikamwambie nimemsamehe. Nami nauliza, nimsamehe nini? Sijui kama kosa ni lake. Mimi nguo ikipasuka naiangalia, najua kama ni uzi umekatika au ni kitambaa kimeoza au ni aliyeivaa kanenepa. Gari silijui. Siwezi kumsamehe mtu kwa kubahatisha.

Aliupapasa ule mfuko wa nailoni.

Dada: Leo nilikwenda pale lilipowekwa gari. Nilifuata miwani ya marehemu, alikuwa anaiacha kwenye kidroo cha mbele. Nimeipata, haijavunjika hata kioo.

Akaitoa kwenye mfuko, akaiweka mapajani. Akatoa daftari la kona. Halafu akatoa kipande cha chuma, urefu wa kiganja, kitufe kila ncha, nati imerudishwa kwenye skrubu yake kwa mkono, na katikati kimefungwa kitambaa chekundu.

Dada: Na hiki kilikuwemo. Nisingekijali, ila kitambaa nakijua. Ni masalio ya foronya nilizowashonea za viti vya gari lile, niliwaletea hapa mfutie mikono. Kwa hiyo kimetoka kwenu.

Alikiinua tukione vizuri, akatuuliza taratibu tu, bila ukali.

Dada: Kinafungwa wapi hiki?

Bati aliangalia kucha zake. Nilimwona anavyoikumbuka ile bampa, rangi ikamtoka usoni. Mwalimu alirekebisha kola ya shati, na nikajua anakumbuka ule ulaini wa Jumamosi. Injinia, ambaye kwenye hiki kijiwe hajawahi kushindwa swali, alitia macho ndani ya kikombe kitupu kana kwamba jibu limebaki kwenye machicha. Wote walijua. Mtu asiyejua angekuwa ameshajibu siku nyingi, maana pale kwetu kutojua hakujawahi kumnyamazisha mtu.

Bati: Hiyo ni... spea, shemeji. Magari ya mbio hubeba spea.

Dada: Ni spea?

Bati: Unajua safari za mbali...

Dada: Ni spea, mwalimu?

Mwalimu akakohoa. Dada akanigeukia mimi. Macho ya yule dada ni yale yale ya kaka yake, mapole, hayakusukumi.

Dada: Mvungu, wewe ndiye wa chini ya gari. Kilitakiwa kiwe huko chini, au ni spea?

Wallahi neno lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni kabisa, fupi, hata mtoto angeweza kulisema. Nilimfikiria Ramani akicheka kwenye kile kiti. Nikafikiria watu wakipita hapa na kuninyooshea kidole, gereji ikifungwa, dada huyu mwenyewe akinitazama kwa namna nyingine. Nilivuta pumzi. Nikaitoa bila neno.

Alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko tulivyostahili, kisha akaweka kikombe chini, kahawa hajaionja.

Dada: Basi, ni spea. Kumbe kosa ni la kaka.

Mwalimu: Mwanangu...

Dada: Hapana, mwalimu, afadhali nimejua. Nilikuwa nashindwa kuingia kwa sababu sijui. Sasa nitaingia. Nitamwambia, kaka, umeniulia mume, na mimi nimekusamehe. Pengine atakula.

Akajinasua kutoka kwenye lile shimo la sponji kwa taabu, mkono mmoja ukishikilia miwani. Bati akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Miwani na daftari akavirudisha mfukoni. Kile chuma akakitazama mara ya mwisho.

Dada: Kama ni spea, kaeni nacho. Kitawafaa.

Akakiweka juu ya kiti, pale pale alipokuwa amekaa, akavuka barabara akashika njia ya hospitali. Nilimtazama mpaka futi yake ya kupimia sikuiona tena. Nilisema nitasimama nimkimbilie akifika kwenye nguzo ya kwanza. Akaipita. Nikasema ya pili.

Bati alitikisa chupa, ikawa tupu.

Injinia: Mimi bado nasema ni hewa.

Akaja dereva mmoja wa lori, mteja wangu, kunifuata kwa ajili ya breki zake. Akasalimia, akataka kukaa kwenye kona ya mgeni, akakikuta kile chuma. Akasimama nacho mkononi.

Dereva wa lori: Hiki cha nani? Ni cha nini?