Mnyapara wa Bi. Lukresia

Bi. Lukresia Ngonyani anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka thelathini katika ofisi ya chama chetu cha ushirika hapa Songea. Alikuja kutoka Peramiho akiwa mpiga chapa; anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kompyuta.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 1995. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini, ofisi ilikuwa ikipunguza watu, na kompyuta yetu ya pekee ilikuwa ikijikokota. Orodha ya wakulima wa Lusewa tu ilikula asubuhi nzima. Meneja wetu, Bwana Daimu, alitoa siku kumi na nne: mashine ipone, ama chumba kifungwe na watumishi wake watatu waende nyumbani.

Bi. Lukresia hakuomba mashine mpya. Aliweka programu ndogo ya kuchunguza mwenendo wa kompyuta: kila baada ya muda iliandika kipi kinafanya kazi na kipi kinasubiri. Tuliiita mnyapara. Kwa hamu ya kujua yote, aliiagiza iandike kila sekunde, na mashine ikazidi kuzorota. Mzee Rupert wa stoo alipopita mlangoni akamtania: mnyapara akikuuliza kila hatua umelima wapi, jembe utaliinua saa ngapi? Bi. Lukresia alicheka. Mchana uleule aliiagiza iandike kila baada ya dakika tano.

Ndipo mambo yalipojulikana. Ubongo wa mashine ulikuwa umekaa bure. Iliyoelemewa ni diski, kwa sababu sisi wa masjala tulikuwa tukichapa barua kwa mashine hiyohiyo saa nne, wakati uleule orodha zinapangwa. Barua zikahamia saa nane. Siku ya kumi na mbili, orodha ya Lusewa ilitoka kwa dakika arobaini.

Kwa takwimu hizohizo alikadiria kwamba wakulima wa korosho wa Tunduru wakiongezwa, orodha yao itachukua saa moja na robo. Ilichukua saa moja na dakika ishirini. Dakika tano zile zinamkera mpaka leo.

Chumba hakikufungwa. Zuhura na Ramson, waliokuwa waende nyumbani pamoja naye, ndio watakaopokea funguo zake Jumatano.

Asante, Bi. Lukresia, kutoka kwetu sote, na hasa masjala. Tunakuombea afya njema, majirani wema huko nyumbani Lizaboni, na asubuhi ndefu zisizo na haraka.