Theophil na Pikipiki ya Theluji Iliyompokonya Leah Gereji

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwainua, kuwageuza na kuwachekesha wazee wetu katika nyumba hii ya kutunzia wazee hapa Anoka, Theophil Massawe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026. Sisi tunasikitika. Mkewe, Leah, aliingoja siku hii kwa hamu, na sababu yake ilikuwa imelala gerejini.

Theophil alikuja Minnesota kusoma, akachukua zamu chache za wikendi kwetu. Shahada aliipata, zamu hakuziacha. Kila mgeni wa kazi alipita mikononi mwake, na somo lake la kwanza lilikuwa moja tu: usimguse mtu kabla hujamwambia unachotaka kufanya. "Bibi, sasa nakugeuza upande wa dirisha. Tayari?" Aliyasema hayo kwa Kiswahili kwa mabibi waliozaliwa na kukulia hapa Anoka, nao wakaitikia kwa kichwa kana kwamba wamelelewa Moshi. Mimi ni Mkenya, na kumsifu Mtanzania si jambo ninalolikimbilia, lakini huyu alinifundisha kazi.

Sasa tuje kwenye pikipiki ya theluji, ile inayokwenda juu ya theluji kwa mkanda wa mpira badala ya magurudumu. Aliinunua kuukuu kwa jirani, springi za nyuma zimelegea kiasi kwamba kila tuta lilimfikia mpandaji kiunoni. Theophil akasema ataitengeneza wiki moja. Wiki hiyo imechukua misimu tisa ya baridi. Muda wote huo gari la Leah lililala nje, naye kila asubuhi akikwangua barafu kwenye kioo, huku pikipiki ikiwa ndani, imefunikwa blanketi la wageni.

Aliihudumia kama mmoja wa wazee wetu. "Mzee, sasa nakuinua," kisha ndipo anapiga jeki. Alifungua bolti, akavuta springi, reli za kutelezea na vigurudumu kutoka ndani ya mkanda wa mpira, akasugua kutu, akabadilisha beringi, akashindilia grisi mpya mpaka ile nyeusi ya zamani ikatoka. Shokomzoba moja ilikuwa inavuja mafuta, akaitupa. Springi moja ilimrushia spana hadi kwenye sufuria ya pilau ya Leah, na nasikia pilau hiyo ililiwa hivyo hivyo.

Msimu wa juzi ikawa tayari. Ila mjue, mtu aliyetumia maisha yake kuzuia wazee wasianguke hawezi kuacha theluji mlangoni. Uwanja wake huwa saruji tupu, hauna theluji hata chembe. Akawasha mashine, akaizungusha hapo hapo. Plastiki za chini ya reli hupozwa na theluji, na theluji yote alikuwa ameshaikokoa mwenyewe. Ziliyeyuka zikinuka mpaka majirani wakafunga madirisha. Akarudi kwenye spana.

Ndipo Leah akatoa hukumu: "Baba Irene, ukistaafu na hicho kitu hakijanibeba, nakiuza, gari langu linaingia ndani." Tangu siku hiyo Theophil hakuwa na raha. Alikuja kazini na grisi kwenye kucha, na tukimtania hacheki. Aliipenda ile mashine kwelikweli, na alijua mkewe hasemi mara mbili.

Jumamosi iliyopita tukamfuata ziwani, barafu ikiwa nene na theluji imejaa. Leah alipanda na koti la kanisani na mkoba begani.

"Mama Irene, sasa naondoka. Tayari?"

"Tayari tangu miaka tisa iliyopita!"

Wakaondoka. Walipofika kwenye matuta, springi zilizama na kuinuka taratibu, na kofia ya Leah haikutikisika. Waliporudi alishuka bila kushika kiuno, akachomoa ufunguo, akautia mkobani. Akatangaza kwamba safari ijayo dereva ni yeye.

Asubuhi ya Jumapili nilipita kwao kumchukua Leah twende ibadani. Gari lake bado lilikuwa nje, limefunikwa theluji mpaka vioo. Leah alikuwa gerejini, ameinamia pikipiki na blanketi mkononi. "Mzee," nilimsikia akisema, "sasa nakufunika."

Asante, Theophil, kwa mikono yako na subira yako. Mungu akupe barafu nene, grisi tele na dereva mwenye huruma. Na kama ulivyotufundisha, hatukugusi bila kukwambia: Ijumaa, saa ya chai, sote tutakukumbatia, na wengine tutalia begani mwako. Tayari?

Serah Mumbi, zamu ya asubuhi