Mwalimu Vifuniko na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mbili, na Alhamisi tukamzika. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja. Narudia, kwa yule aliyekuwa bado anahangaika na redio yake: miaka thelathini na moja, darasa la kwanza tu.

Sisi tuliopita mikononi mwake tulimwita Mwalimu Vifuniko. Na hapa studio, mbele yangu, ameketi binti yake mkubwa, mfamasia, amepakata mkebe wa mama yake.

Niwaambie ukweli mapema, maana mimi kuzungukazunguka siwezi. Kabla hatujaingia hewani tumebishana. Mwalimu aliniachia ombi. Alitaka nisimulie hadharani kosa alilowahi kumfanyia mtoto mmoja. Binti yake hataki. "Dada," ameniambia, "mama ana mema chungu nzima. Kwa nini umzike na hilo moja?" Nikamwambia tuanze na mema, mengine tutayaona mbele ya safari.

Haya. Mkebe huu una vifuniko vya soda. Alivipata kwa muuza duka, akavigonga kingo kwa nyundo, kimoja kimoja, visije vikatukata vidole. Ndivyo vilivyokuwa hesabu yetu. Kwenye kuchora, vilikuwa duara. Kwenye michezo, tulivipanga uani tukaviruka kwa mguu mmoja. Mtoto akisema vifuniko vitano vilivyosambaa ni vingi kuliko vitano vilivyobanana, Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Vihesabu tena, mwanangu. Mimi sina haraka."

Mnadhani darasa la kwanza ni kazi ndogo? Jamani! Mtoto anakuja hajui penseli inashikwaje. Hajui kwamba maneno yanaanzia kushoto. Mwaka ukiisha, anamsomea mama yake vibao vya maduka njia nzima mpaka mama anaomba apumzike. Hapohapo amejifunza kunawa mikono kabla ya kula, siyo baada. Amejifunza kungoja mwenzake amalize kuongea, somo ambalo watu wazima wengi tumelifeli, na baadhi yetu tumepewa vipaza sauti.

Alitufanya tupande mbegu za haragwe kwenye kopo la udongo. Kila asubuhi tulifukua kuona kama zimeota. Zikafa. "Nani kaziua?" akauliza. Tukanyoosheana vidole. "Mmeziua wote. Pandeni nyingine, na safari hii mikono nyuma." Tulikaa siku sita mikono nyuma, tunalikodolea macho kopo.

Mara tatu walitaka kumfanya mwalimu mkuu, mara tatu akakataa. Binti yake anakumbuka maneno yake: "Huko ni mihuri na vikao. Mimi kwa mihuri nitamfundisha nani?" Na ukimwambia samaki mkunje angali mbichi, alikujibu papo hapo, "Mtoto si samaki. Ukimkunja vibaya, utamkunjua na nini?"

Hapo ndipo binti yake ananikatiza, na hii mnaisikia wenyewe. "Dada, tafadhali. Na huyo mtoto je? Yule aliyerudishwa darasa. Yuko hai, pengine anasikiliza. Utamwaibisha bure."

Wasikilizaji wapendwa, mtoto huyo ni mimi.

Miaka kumi na miwili mmenisikia hewani, na sijawahi kuwaambia: nasikia kwa sikio moja. La kulia. La kushoto lilikufa nikiwa na miaka mitatu, lilitoka usaha, likakauka, mambo yakaishia hapo. Nilificha kwa sababu niliogopa. Mtangazaji nusu kiziwi, nani angeniajiri?

Binti wa Mwalimu ameshika mdomo. "Kumbe!" anasema. "Kumbe ndiyo maana siku ile hospitali mama aligeuza mto!"

Ndiyo. Nilikwenda kumtazama wiki moja kabla hajafa. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, kiti cha wageni kilikuwa upande mmoja tu, na nikikaa, kichwa chake kilikuwa kushotoni kwangu. Hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Lakini alimwita muuguzi, akataka mto uhamishiwe upande wa miguu, na yeye ageuzwe mzimamzima. Binti yake alidhani dawa zimemchanganya. Wapi! Alikuwa anakuja upande wa sikio langu.

Sasa binti yake ananiambia, "Basi sema, dada. Sema kama alivyotaka."

Nasema, basi. Nilikuwa mrefu kuliko wote darasani, na walinibatiza Twiga. Wafupi walikaa mbele, warefu nyuma, kama walimu wengi wanavyopanga. Mimi nikapewa dawati la mwisho, pembe ya kulia, bega langu la kulia likigusa ukuta. Sikio zima likawa linasikiliza ukuta. Lililokufa ndilo lililoelekea darasa. Sikusema, kwa sababu sikujua. Mtoto anajuaje? Nilidhani kila mtu ana sikio moja la kusikilizia na jingine la kuvalia hereni.

Mwalimu alikuwa na mchezo wake wa hesabu. Anapita nyuma yetu na mkebe, anakunong'oneza namba sikioni, nawe unaokota vifuniko vya idadi hiyo. Siku zote alinong'oneza sikio la kushoto. Mimi nilihisi pumzi tu. Nikaona jirani yangu ameokota vinne, nami nikaokota vinne. Kumbe yeye kapewa nne, mimi nimepewa tisa.

Mwisho wa mwaka akaandika kwenye ripoti yangu: "Hajui kuhesabu. Anaangalizia kwa wenzake. Arudie darasa."

Nikarudia. Mdogo wangu akaingia darasa la kwanza, tukakaa dawati moja, safari hii katikati ya darasa. Majirani wakauliza kama tumekuwa mapacha. Niliumia sana. Nilikuwa na miaka minane tu, na nilishaamini kwamba mimi ni mjinga na nitabaki hivyo.

Mwaka huo wa pili, asubuhi moja, Mwalimu alikuja na mkono umefungwa bendeji. Alikuwa ameungua na pasi. Akashika mkebe kwa mkono mwingine, na kwa hiyo akainama upande wangu mwingine. "Saba," akaninong'oneza. Nikaokota saba, chapchap, kabla mdogo wangu hajagusa chochote. Mwalimu akasimama. Akanong'oneza kushoto. Nikaanza kuchungulia mikono ya mdogo wangu. Akanong'oneza kulia: "Tisa." Nikaokota tisa. Akarudia mara nne, tano. Halafu akajibana kwenye dawati letu dogo, magoti yamemfika kidevuni, akawa ananiangalia tu.

Kengele ya mwisho ilipolia alinisindikiza nyumbani. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na hakuondoa mguu kwenye pedali.

"Mama Twiga," akasema Mwalimu, "mwanao si mzito. Mzito ni mimi. Sikio lake la kushoto halifanyi kazi, na mimi ndiye niliyembana ukutani nikamwandika kuwa hajui."

"Mwaka mzima, Mwalimu?"

"Mwaka mzima."

"Na mwaka wenyewe unarudishwaje?"

"Haurudi."

Mama alishona mkono mzima wa gauni. Mwalimu amesimama mlangoni, bendeji yake mkononi, hajitetei. Mwishowe mama akasema, "Kaa basi. Utasimama mpaka lini?"

Kesho yake nilikaa dawati la mbele, kushoto kabisa, na urefu wangu wote. Waliokaa nyuma yangu wakalalamika kwamba Twiga anawaziba. "Chungulieni," Mwalimu akawaambia. Mwaka ule nilishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu, na mpaka leo hanipumzishi kwa hilo.

Kosa hilo aliligundua katika mwaka wake wa sita kazini. Ikabaki miaka ishirini na tano. Kila mwaka, wiki ya kwanza, hakuandika herufi hata moja ubaoni. Alipita nyuma ya kila mtoto, akamwita polepole, kulia, kisha kushoto. Wakaguzi walimuuliza kwa nini darasa lake limechelewa. Akawajibu, "Sijachelewa. Nabisha hodi." Kwa miaka hiyo ishirini na tano aligundua watoto kumi na mmoja. Kumi na mmoja, wasikilizaji, ambao hakuna aliyejua.

Siku ile hospitali, mto ukiwa umegeuzwa, aliniambia hivi: "Usinirembe redioni, Twiga. Maua watanipa wengine. Wewe sema lile. Kuna mtoto leo amekaa pale nilipokuweka."

Nilimwambia nilishamsamehe tangu zamani. Akasema, "Najua. Sikukuomba hilo."

Kwa binti yake huyu, ambaye sasa analia nami nalia, kwa wadogo zake na wajukuu, poleni sana. Msiba huu si wenu peke yenu, tumefiwa sote tuliowahi kuokota vifuniko kwenye mkebe huu. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwake: ni nani niliyemwita mzito, na mimi ndiye niliyemketisha vibaya?

Na wewe mwalimu wa darasa la kwanza unayenisikiliza. Jumatatu, kabla ya a, e, i, o, u, pita nyuma ya kila mtoto. Taja jina lake polepole, kulia, kisha kushoto. Asiyegeuka, usimwandike chochote bado. Mhamishe kiti.