Mama Pazia Anastaafu: Miaka Ishirini na Sita Bila Kifutio

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mwalimu wa Chumba cha Sanaa katika Kituo chetu cha Wazee ataitundika aproni yake msumarini na kwenda zake nyumbani, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote hajawahi kuchelewa kazini, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na hajawahi kuosha brashi zake mahali panapostahili. Anaziosha kwenye sinki la chai. Nimesema, nimechoka kusema, nikapumzika, nikasema tena.

Niandikaye haya ni mtunza jengo, yule ambaye wazee wamembandika jina la Bwana Dekio. Kamati ya sherehe ilinipa mimi kalamu kwa sababu, walivyodai, hakuna anayezijua kazi za Mama Pazia kuliko mtu aliyezisugua sakafuni. Hapo hawakukosea. Kuna doa la kijani kwenye dari ya chumba kile ambalo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kulitolea maelezo.

Wengi hawajui kwamba mama huyu hakuajiriwa kufundisha sanaa. Aliajiriwa kushona mapazia, ndiyo asili ya jina lake. Kituo kilikuwa kipya, jua linaingia ukumbini bila hodi, naye akaja na cherehani yake akaambiwa kazi yenyewe ni ya wiki mbili tu. Chumba alichopewa kilipakana na cha muuguzi, ambako wazee walikuja kupimwa presha. Foleni ilikuwa ndefu, benchi lilikuwa gumu, na mzee akikaa bila kazi, mdomo ndio unaofanya kazi. Waligombania nafasi, wakagombania upepo wa dirishani, wakagombania nani alizaliwa kabla ya nani. Wakifika kwa muuguzi presha iko juu, halafu kila mtu anashangaa.

Mama Pazia alivumilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alitoka na kapu la vipande vya kitambaa, sindano na uzi, akamgawia kila mmoja, akawaambia washone chochote wanachotaka mradi wanyamaze. Kunyamaza hawakunyamaza, lakini walishona. Muuguzi akaona presha zinashuka, akampelekea meneja wa wakati ule habari njema, na hivyo ndivyo fundi cherehani alivyogeuzwa mwalimu wa sanaa pasipo kuulizwa. Mapazia hayajamalizika hadi leo. Dirisha la mwisho la ukumbi bado liko uchi, asiyeamini akaangalie.

Sasa, mwalimu wa sanaa asiyejua kuchora anafundisha nini? Mwenyewe hakuficha. Alisema wazi kwamba hata mstari hawezi kuunyoosha bila rula. Kwa hiyo hakumwonyesha mtu chochote. Alipita nyuma ya viti, mikono mgongoni, akiuliza swali lake moja: na hii itakuwa nini? Basi. Ukimjibu kuwa ni nyumba, anasema haya, nyumba. Ukimwambia hujui, anasema vizuri, utaniambia ukijua.

Pia alikuwa na sheria moja, nayo ni kwamba hakuna kufuta. Vifutio vilivyonunuliwa na kituo alivifungia kabatini, na ufunguo wa kabati nadhani aliumeza. Ukiteleza, ukimwaga, ukikosea, kosa lako hulifuti. Unalitazama mpaka likuambie lenyewe ni nini. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kufuta, mtaelewa kwamba yeye na mimi tulianza vibaya.

Wa kwanza kuonja sheria hiyo alikuwa Mzee Filimbi, mwamuzi mstaafu wa mpira ambaye hadi leo anatembea na filimbi shingoni. Alikuwa anamchora mkewe ili amtulize, maana alikuwa amesahau siku yake ya kuzaliwa kwa mara nyingine. Brashi ikamponyoka, doa la kahawia likatua begani mwa bibi. Mzee alitaka kulia. Mama Pazia akamuuliza swali lake. Mzee akaigeuza karatasi huku na huku, akasema kwa unyonge kwamba anaona kama kuku. Akaambiwa basi amchoree miguu. Mkewe aliipokea ile picha, akauliza kuku huyo begani mwake anatafuta nini, akacheka mpaka akasamehe.

Tangu siku hiyo kila kosa ni kuku. Kwa nini lisiwe paka au birika sijui, lakini ndiyo desturi ya chumba kile na hakuna anayeihoji. Pita ukumbini uone. Mlima una kuku, harusi ina kuku, na kuna picha ya meli ambayo nahodha wake ni kuku. Bibi Mapema, mkunga mstaafu ambaye hufika kituoni kabla yangu mimi mwenye funguo, alichora wajukuu wake wote. Waliotoka vizuri ni wawili, waliobaki ni kuku, na ukimuuliza atakuonyesha kila kuku ni mtoto wa binti yupi.

Kuna mwaka tuliingia kwenye maigizo. Kila mzee alitaka kuwa mfalme, wakisema umri wao si wa kutumwatumwa. Mama Pazia hakubishana nao, akawakubalia wote. Tukawa na wafalme kumi na mmoja na raia mmoja, ambaye ni mimi. Niliamriwa mambo kumi na moja yanayopingana mbele ya hadhira, na nilipochanganyikiwa, Mzee Filimbi, mfalme wa nne, akapuliza filimbi na kunitoa jukwaani kwa kadi nyekundu. Watu walipiga makofi wakidai hawajawahi kuona mchezo mtamu namna ile. Mimi mgongo uliniuma wiki nzima kwa kuinamia wafalme.

Kuhusu gundi sitasema mengi. Itoshe kwamba mzee mmoja alikwenda kula chakula cha mchana na kiti chake nyuma, na kwamba kiti kilirudi lakini suruali haikurudi.

Mwaka huu, hata hivyo, kicheko kilikaribia kutuishia. Meneja wetu, mtu mwema ila mwoga wa wakubwa, alitutangazia kikaoni kwamba Mama Pazia akistaafu nafasi yake haitajazwa, na Chumba cha Sanaa kitakuwa stoo ya viti vya plastiki. Mkaguzi kutoka makao makuu angekuja kulitazama jengo na kutoa neno la mwisho. Mama Pazia alisikiliza, akaikunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kuondoka kwake hakukumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba wazee wake wangerudi kwenye lile benchi la presha, au wangebaki majumbani kukodolea ukuta macho, wakisubiri mtu atoke kazini awasalimie. Aliniambia hayo kule kwenye sinki la chai akiosha brashi, na siku hiyo sikumgombeza.

Wazee waliposikia walikuja juu. Bibi Mapema alitaka wote wakalale mlangoni kugoma. Mzee Filimbi akawakumbusha kwamba wakilala chini hakuna atakayeweza kuinuka. Basi ikakubaliwa wampendeze Mkaguzi: wamchore yeye mwenyewe, picha kubwa, kwenye kitambaa kilekile kilichobaki cha lile dirisha lililo uchi, aikute ukumbini ikimlaki. Sura ya kunakili waliitoa kwenye picha yake iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kila mzee akapewa kipande chake, huyu sikio, yule tai, Bibi Mapema kidevu. Pua alipewa Mzee Filimbi kwa heshima ya ukongwe wake darasani.

Mmeshajua kilichotokea. Asubuhi yenyewe ya ugeni, akiwa anaweka kivuli cha mwisho, Mzee Filimbi alipiga chafya. Doa la kahawia likaifunika pua yote ya Mkaguzi. Na kabla hatujamzuia, mkono wa mzee, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshachora miguu.

Meneja alipoingia alishika kichwa kwa mikono miwili. Lo, usoni pa mkubwa pameketi kuku! Aliniamuru nilete rangi nyeupe, nami nikakimbia kuileta. Akamshikisha Mama Pazia brashi, akamsihi amhurumie yeye na watoto wake: ni kuku au ni chumba, achague kimoja. Wazee wote wakamtazama. Hata Mzee Filimbi, mwenye kuku wake, akamwambia mama futa tu yaishe. Mama Pazia alisimama na ile brashi, rangi nyeupe inadondoka viatuni. Kisha akamrudishia Meneja brashi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama sheria inavunjwa siku tunapoogopa, basi haikuwa sheria, ilikuwa ni ubahili wa vifutio.

Meneja akaketi. Mara mlango ukafunguliwa, Mkaguzi huyo ndani.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti iliyonyooka na uso uliosahau kucheka. Alisimama mbele ya picha yake. Akasogea karibu. Akarudi nyuma. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya ofisini, kama huyo ni jogoo au ni mtetea.

Weee! Ukumbi ulilipuka. Huku jogoo, kule mtetea, na watu ambao kila siku hunilalamikia magoti wakawa wanapanda juu ya viti. Bibi Mapema alisema amezalisha nusu ya mtaa huu na jinsia hajawahi kuikosea, yule ni mtetea. Mzee Filimbi akasema mwenye kuku ndiye ajuaye, akapuliza filimbi, hakuna aliyemjali. Mkaguzi alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Mwisho alivua koti, akaomba brashi na rangi nyekundu, ili amtie kuku kilemba kichwani, awe jogoo, ubishi ukome. Lakini mkono wa kusaini haukuzoea mambo hayo. Uliteleza, tone jekundu likatua kwenye shavu lake pale pichani. Mkubwa alishtuka, akageuka, akaomba kifutio.

Wazee wote wakamjibu kwa mkupuo mmoja kwamba hapa hakuna kufuta. Mama Pazia akapita nyuma yake, mikono mgongoni, akamuuliza lile swali. Mkaguzi alilitazama tone lake kwa muda. Halafu akasema polepole, kama mtu anayetoa siri, kwamba ni kifaranga.

Aliondoka jioni, suruali yake ikiwa na gundi. Neno lake la mwisho ni kwamba chumba kinabaki. Mshahara wa mwalimu mpya haupo, hilo alilisema waziwazi, lakini wazee wakipata mwalimu miongoni mwao wenyewe, viti vya plastiki vitafute pengine pa kulala. Wamemchagua Mzee Filimbi. Ametangaza kwamba kutakuwa na kadi za njano.

Siku ile Mama Pazia alilia na kucheka kwa wakati mmoja, akadhani mambo yameisha. Kumbe Bibi Mapema alikuwa ameshagundua kwamba mama naye ametimiza umri wa kujiunga na darasa. Wiki iliyopita wakamwita aje aandikishwe kama mwanafunzi. Akakataa. Akasema ana wajukuu, ana cherehani, ana goti. Ndipo tukaona jambo ambalo hatukuwahi kuliona: mama huyu, ambaye Mkaguzi hakumtisha, alikuwa anaogopa karatasi tupu. Miaka yote amewalinda wengine wakikosea mbele ya watu, na yeye mwenyewe hajawahi kukosea mbele ya mtu yeyote.

Bibi Mapema alimvuta akamkalisha. Alichagua kuchora pazia. Pazia tu, kitu anachokijua kuliko sisi sote. Mkono ukamcheza, kopo la rangi ya buluu likapinduka, nusu ikamwagika karatasini na nusu sakafuni. Mama Pazia akajifunika uso kwa aproni. Mzee Filimbi akaiacha filimbi yake ining'inie, akaweka mikono mgongoni, akapita nyuma ya kile kiti, akamuuliza na hii itakuwa nini.

Jibu lake mnalo mikononi, ndilo hilo kwenye jalada la ratiba hii ya sherehe. Tafadhali msimuulize kama ni jogoo au mtetea, tumechoka.

Ile rangi ya sakafuni niliiletea ndoo, sabuni na dekio. Nikapiga magoti, nikaitazama. Nikaendelea kuitazama. Ipo palepale mpaka leo, mlangoni mwa Chumba cha Sanaa, nami nimeichorea miguu. Atakayeideki atanitambua.

Mama Pazia, asante kwa kapu lile la vitambaa na kwa kila kuku. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na uzee wenye madoa tele. Jumatatu usichelewe, maana mwalimu mpya ana filimbi. Na brashi zako, mama, leta tu kwenye sinki la chai. Nitazitoa rangi mwenyewe.